Bluu Juu ya Kope

Sijawahi kukaa kwenye kiti mpaka kikapata joto. Watu wa nyumbani wamenizoea. Wageni ndio huniuliza kama nina safari. Hata sasa ninapoandika haya nimekwisha inuka mara tatu: mara ya kwanza kutazama chungu jikoni, mara ya pili kufunga dirisha kwa ajili ya upepo, na mara ya tatu sikumbuki kwa nini. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa tayari nimechelewa mahali. Mimi nina maelezo yangu, na yanaanzia kwenye kisanduku cha rangi za macho. Nilikuwa na miaka kumi na sita, tukiishi kwenye kijiji cha ujamaa upande wa barabara ya Matai, enzi ambazo kipande cha sabuni kilikuwa habari ya kusimuliana.

Lakini kabla ya kisanduku kulikuwa na nadhiri, na bila nadhiri hutaona kwa nini rangi kidogo ilizua mambo makubwa.

Nikiwa na miezi tisa niliugua surua. Watoto wawili wa jirani walikuwa wamekwisha zikwa. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza, alipiga magoti akamwambia Mungu: huyu akipona ni wako. Nikapona. Tangu siku hiyo nikawa ndama aliyetiwa alama. Sikuchapwa sana, maana mali ya mwenzako huipigi ovyo. Nikivunja chungu, mama aliinua mkono, akatazama juu, akaushusha. Mdogo wangu, aliyenifuata kwa mwaka mmoja na nusu, hakuwa na nadhiri yoyote ya kumkinga. Yeye alichapwa kwa vyungu vyake, na mara nyingine kwa vyangu. Hakulia. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye kukaa alipowekwa, na mimi nilimdharau kidogo kwa hilo.

Baba alifariki mwaka mmoja baada ya kuhamia kijiji kipya, tukabaki wanawake watatu kwenye nyumba iliyopangwa mstari na nyumba nyingine kama madawati. Nilimaliza darasa la saba, nikakaa nyumbani nikisubiri kukua ili niende kwa masista. Siku za shamba la kijiji tulikwenda shamba la kijiji. Siku zetu tulilima matuta ya mviringo, tukifukia majani yaoze chini ya udongo kama walivyofanya bibi zetu. Nililima kwa pupa. Nilianza tuta hili kabla sijamaliza lile, na mdogo wangu akanifuata nyuma akiyamaliza.

Kama nilitaka kwenda? Hakuna aliyeniuliza, na mwenyewe sikujiuliza. Mtu hajiulizi kama anataka kuwa na magoti.

Basi, baada ya mavuno ya ulezi, ikaja barua kupitia kwa katekista: Sista angefika Alhamisi kumtazama binti na kuondoka naye. Mama aliitoa nguo yangu ya safari, gauni jeupe lenye ukosi alilolishonesha kwa kitambaa alichokificha miaka mingi kwenye kibuyu kisiliwe na panya. Lilikuwa na harufu ya kibuyu na doa la kutu begani. Maji ya majivu yalikuwepo, mama alikwisha yachuja kwenye karai kutoka kwenye mabua ya maharage, lakini maji ya majivu huacha umanjano kwenye nguo nyeupe. Yeye alitaka niende kwa Mungu nikiwa mweupe.

“Nenda mjini, Mazwi, kwa rafiki yako,” aliniambia Jumatano asubuhi. “Wenye maduka hawakosi. Wape haya maharage, waambie mama anaomba sabuni, hata kipande cha kuoshea uso. Na usirudi na maneno badala ya sabuni.”

Ilikuwa saa mbili za mwendo, nami sikuwahi kwenda safari ile kwa mwendo. Nilikimbia vipande vipande. Upepo wa Juni ulivuma kutoka kusini-mashariki ukakausha midomo, na kifuani nilikuwa na kitu kisichokaa, kama kuku aliyefungiwa ndani ya tenga. Nilidhani ni furaha ya kwenda kwa Mungu. Nilikuwa nimesoma kwamba watakatifu walisikia kitu kifuani.

Rafiki yangu huyo tulikaa dawati moja shule ya mjini, kabla sisi hatujahamishiwa kijijini. Baba yake alikuwa na duka, na lori lililokwenda mpaka Kasanga ziwani. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka, na kati ya duka na nyumba palikuwa na pazia lenye maua. Upande wa dukani, rafu zilikuwa na viberiti, majani ya chai na vumbi. Upande wa ndani mambo yalikuwa mengine siku hiyo, kwa sababu rafiki yangu alikuwa ameposwa, na watu wa mume walikuwa wamekwisha leta sanduku.

“Sabuni hakuna, shoga,” aliniambia kabla sijamaliza salamu. “Humu kuna marashi aina tatu, kuna khanga, kuna viatu visivyonitosha. Sabuni hakuna. Lakini njoo uone kitu.”

Akafunga mlango, akafungua sanduku, akatoa kisanduku bapa cheusi, kidogo kuliko kitabu cha sala. Ndani ya kifuniko palikuwa na kioo. Chini yake, vidonge kumi na viwili vya rangi vilikaa kwa mistari, kila kimoja ndani ya tundu lake: bluu mbili, kijani kama jani changa la mbaazi, zambarau, rangi ya dhahabu, nyekundu ya kutu, na nyingine ambazo sikuwa na majina yake. Kilikuwa kimetoka ng'ambo ya mpaka. Sisi tulikuwa tumefundishwa kwamba vitu kama hivyo ni mabaki ya ukoloni, na nilipoyaona mabaki yenyewe moyo ulinidunda.

“Sijui vinapakwaje,” alisema. “Wanja naujua. Mama anasema hivi ni vya juu ya kope. Nisije nikatoka siku ya harusi kama nimepigwa ngumi. Nakuomba nikujaribie wewe.”

“Kwa nini mimi?”

“Wewe unakwenda kwa masista. Uso wa nini?”

Tulicheka mpaka mama yake akagonga ukuta. Kisha nikakaa kwenye kigoda karibu na dirisha, nikafumba macho, naye akaanza kazi kwa ncha ya kidole, maana kijiti chenye sponji kilichokuja nacho kilikuwa kidogo mno na kilimkera. Rangi zilikuwa na mafuta mafuta. Nilisikia kidole chake kikiteleza juu ya jicho langu. Hakuna mtu aliyewahi kunigusa pale. Nilitulia. Naliandika neno hili nikijua uzito wake: nilitulia kabisa, hata mguu haukutikisika.

Jicho moja alilipaka kijani, la pili dhahabu. Akarudi nyuma, akaguna. Akafuta kijani kwa kitambaa, hakikutoka vizuri, akapaka bluu juu yake. Akaipenda. Akaweka bluu pande zote mbili mpaka karibu na nyusi, kisha akanipa kioo.

Sikuwa mgeni wa sura yangu. Nilikuwa nimeiona kwenye maji, na kwenye kipande cha kioo alichonyolea baba. Lakini nilikuwa nimeiona kama mtu anavyoona jembe lake, kuangalia kama lipo. Sasa kulikuwa na msichana ananitazama, mwenye macho makubwa yanayodai kitu. Nilipofumba jicho moja ili nione kope, bluu ile ilitokeza yote. Nikafumbua, ikajificha, ikabaki ukingo tu. Nikafumba tena. Nilifanya hivyo sijui mara ngapi. Nataka nieleweke: sikusema moyoni kwamba siendi kwa masista. Nilisema, nitakwenda, ila ningoje kwanza nijitazame. Nilikuwa na siku nzima ya kujitazama, Alhamisi ilikuwa kesho.

Baba yake akaita kutoka nyuma ya pazia. “Yule mtoto wa barabara ya Matai bado yupo? Sista mmoja alisimamisha Landrova hapa asubuhi akauliza njia ya kijiji chao. Petroli wameipata leo, ya kesho hawana uhakika nayo.”

Nilisimama mpaka kigoda kikaanguka. Rafiki yangu alichota maji kwenye kata akanimwagia usoni, tukasugua kwa ukingo wa khanga. Maji yaliteleza juu ya rangi ile kama juu ya jani la magimbi. Nyumba ya mwenye duka, na hakuna sabuni! Tulianza kucheka tena, lakini safari hii mimi nilikuwa nalia. Lori la baba yake lilikuwa linatoka muda huohuo kwenda Kasanga. Nikapandishwa juu ya magunia, nimejifunika khanga mpaka kidevuni. Niliiona barabara kwa kupitia kitambaa, yenye madoa ya maua, na njia nzima nilitaka lori liende haraka, na nilitaka liharibike.

Nilishuka kabla ya kijiji nikazunguka nyuma ya jiko letu. Landrova ilikuwa imesimama mbele ya nyumba, watoto wa kijiji wameizunguka. Karai la maji ya majivu lilikuwa pale pale. Sikufikiri. Nilichota kwa viganja viwili nikajisugua.

Aliyewahi kuingiwa na maji ya majivu machoni hahitaji maelezo, na ambaye hajawahi namwombea asiingiwe. Niliuma khanga nisipige kelele. Kijani kilitoka, dhahabu ilitoka, bluu ikakubali kushuka tu kidogo, ikatanda mpaka kwenye mashavu. Macho yakavimba, yakawa mekundu kama ya mtu aliyekesha kwenye moshi.

“Amefika?” Sauti ya mama. “Mwite aingie.”

Mdogo wangu alitokea kwenye kona ya jiko. Alinitazama, akalitazama karai. “Dada,” alisema, “unaitwa.” Akanishika mkono tukaingia pamoja.

Kwetu Ufipa binti hamsalimii mgeni akiwa amesimama, wala hamkodolei macho. Unapiga magoti, unapiga makofi polepole, unainamisha uso na macho yanatazama chini. Nilifundishwa hivyo kabla sijajua kuhesabu. Ningekuwa mtoto asiyefunzwa ningemtazama Sista usoni, kope zingekunjamana zikaficha habari zake. Lakini mimi nilikuwa nimelelewa kwa ajili ya Mungu. Nikapiga magoti, nikapiga makofi, nikainamisha macho vizuri kabisa, na bluu yote ikatandazwa mbele ya Sista kama mkeka.

“Tumsifu Yesu Kristo,” nilisema.

“Milele, amina.” Halafu, “Mwanangu, umefanya nini macho?”

Alikuwa mama wa makamo, mwenye mikono mikavu ya mtu aliyefanya kazi hospitalini. Aliniinua kidevu kwa kidole. Mama alikuwa nyuma yake, akinyoosha shingo aone. Hakujua rangi ya macho ni kitu gani. Hakuna mtu kijijini kwetu aliyejua. Kitu pekee cha bluu kilichowahi kupakwa kwenye ngozi ya mtu kijijini ni dawa ya zahanati, ile ya vidonda na chokea.

“Wamekupaka dawa ya bluu?” Sista aliuliza. “Nani kakupaka karibu na jicho hivi?”

Nilifungua mdomo. Ninakumbuka ulivyofunguka, na hewa baridi ikaingia kwenye meno. Nilikuwa nakwenda kusema ukweli. Ukweli gani, na baada yake ningeongeza nini, nichukueni au niacheni, hapo ndipo nimekuwa nikirudi miaka yote. Kwa sababu mdogo wangu, aliyepiga magoti ubavuni mwangu, alisema kabla yangu kwa sauti yake ile ya chini:

“Ni zahanati, Sista. Ana macho mekundu tangu wiki iliyopita. Yanakwenda yakirudi. Alimficha mama.”

Sista aliutoa mkono wake kidevuni mwangu, akaufuta kwenye gauni bila kujua kwamba anaufuta. Alisema kwa upole kwamba huko kwao wasichana wanalala chumba kimoja, wanatumia beseni moja, na ugonjwa wa macho ukiingia hautoki. Pengine ni vikope, na vikope hupofusha. Nitibiwe kwanza, tungeona mwakani. Mama alikaa chini sakafuni. Alianza kueleza habari za surua na nadhiri, maneno yakimtoka kwa Kifipa na Kiswahili pamoja, na Sista akawa anaitikia, “Ndiyo, mama, ndiyo, mama,” huku akitazama jua mlangoni.

“Niende mimi,” alisema mdogo wangu.

Mama aligeuka.

“Ulimwahidi Mungu binti,” mdogo wangu aliendelea. “Mimi si binti?”

Gauni jeupe lilikuwa refu kwake kwa kiganja kizima, na doa la kutu lilikuwa bado begani. Aliondoka nalo hivyo hivyo. Kabla Landrova haijawaka alinitazama dirishani, nami nikamtazama kwa macho yangu mawili yanayochuruzika, watu wakadhani nalilia ugonjwa wangu. Rangi ilitoka siku ya tatu kwa samli. Mama hakuambiwa. Alikufa akiamini kwamba Mungu alikataa mboni zangu akachukua zile nzima.

Mimi nilibaki na uhuru ambao sikuuomba, na nilijua nani kaulipia. Mdogo wangu, yule mkimya, mwenye kumaliza matuta yangu, alikuwa amenifunikia aibu yangu na kwenda mahali pangu. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Na mtu aliyenunuliwa kwa maisha ya mwenzake hana ruhusa ya kuishi ovyo. Nilijifunza cherehani, nikaacha. Nilikwenda Namanyere nikaolewa, na kila nilipogombana na mume wangu nilijiambia: hili ndilo lililokufanya umtoe mdogo wako? Nikarudi. Nikaenda Matai, nikapika chai kwenye ofisi, nikarudi tena. Nilipofurahi nilijiona mwizi. Nilipohuzunika nilijiona mwizi aliyeiba kitu kibovu. Nimelaza mabegi yangu kwenye nyumba nyingi kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu, na kokote nilikokaa nilisikia kama kuna mtu anaingoja nafasi ile niliyoikalia.

Mwezi uliopita masista walimpa likizo kwa ajili ya nyonga yake. Alikuja kwangu, mtawa mzima wa miaka yake mingi, shela limepauka, bado mwenye kukaa alipowekwa. Tulikuwa jikoni, yeye anachambua maharage kwenye ungo, mimi nazunguka. Nikaona tumezeeka, nikaona mmoja wetu atamzika mwenzake. Basi nikaketi nikamwambia yote: kisanduku, kigoda, kidole, bluu. Nikamwomba msamaha kwa kuyachukua maisha yake.

Aliendelea kuchambua. Kisha mabega yakaanza kumcheza, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

“Dada, mimi nilijua ni rangi. Asubuhi ulitoka na macho mazima, kisha nikakuona ukishuka kwenye lori la wenye duka. Mzigo wangu nilikuwa nimeufunga tangu asubuhi, Landrova ilipopiga honi. Nilikuwa nao nyuma ya jiko.”

Sikuelewa. Akanieleza kama anavyomweleza mtoto wa mafundisho. Tangu akiwa na miaka saba alitaka kwenda. Aliomba kila jioni, lakini nafasi ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa yangu. “Wewe uliwekewa nadhiri, mimi nikawekewa matuta,” alisema. “Siku ile nilisema, potelea mbali, niende nao hata kama wananipeleka kuwafulia. Halafu nikakukuta kwenye karai na macho yale. Nilisema uongo mbele ya Sista, na niliuungama wiki ileile. Sikukuokoa, dada. Nilikusukuma nikapita.”

Nilikasirika. Sitaficha. Nilidhani ningesikia mzigo unashuka, badala yake nilisikia joto linapanda shingoni. Miaka yote hiyo! Mume niliyemwacha, kazi nilizotupa, usingizi wangu! Nimetubu dhambi ya mtu mwingine, na mwenyewe aliimaliza ndani ya wiki moja akalala.

“Ungeniuliza!” nilimfokea mtawa wa Mungu. “Ulikuwa hapo ubavuni mwangu, umepiga magoti. Ungeniuliza kwanza!”

Aliacha kuchambua. Alinitazama usoni moja kwa moja, jambo ambalo mdogo kwetu halifanyi.

“Haya,” alisema. “Nakuuliza sasa. Dada, ulikuwa unataka kwenda?”

Nilifungua mdomo, kama nilivyoufungua siku ile. Alisubiri, mikono yake imetulia juu ya ungo, na safari hii hakuna aliyenisemea. Nikainuka kwenda kuangalia moto.